Suruali ya Harusi ya Phares

Jumatano, 24 Desemba
Suti iko tayari! Ya kijivu, imenikaa kama nimezaliwa nayo. Fundi Nzilani ameonya kwamba kitambaa kimekwisha, hakuna hata kipande cha kuongezea kiunoni. Nijichunge hadi Jumamosi ya wiki ijayo, harusi ya binamu yangu Phares. Mimi ndiye msimamizi wake! Nitaingia kanisani na Celine, msimamizi wa bibi harusi, ambaye mwaka mzima nimeogopa hata kumsalimia. Lakini Phares hana mchezo. Amesema suti isiponiingia, nafasi ni ya Kilonzo, ambaye ana suti yake ya kijivu. Kilonzo ni karani mwenzangu na rafiki wa Phares. Anakula kuliko wote ofisini na hanenepi. Dhuluma.
Nimeamua. Krismasi hii nitakula kwa akili.

Alhamisi, 25 Desemba
Akili haikutumika.
Chakula cha mchana kwa shangazi Kezia, Buruburu. Nilisema nitaonja tu. Shangazi akauliza kama nimekuja kumwaibisha mbele ya wageni. Ningefanya nini? Nikaonja pilau. Nikaonja chapati, kisha zile za chini kuona kama bado zina moto. Nikaonja kuku wa kukaanga na wa mchuzi, nisionekane nabagua. Kosa ni la shangazi. Nani alimtuma apike chapati laini hivyo?
Kilonzo alikuwepo. Akaniuliza kwa upole mshipi wangu umefika tundu gani.

Ijumaa, 26 Desemba
Suruali inafunga, mradi nisipumue. Lakini nimepata mpango! Nitasema nimefunga. Aliyefunga halazimishwi kula na mtu yeyote. Uongo mdogo, wa kiafya.
Nimeanza na Mama Sagal, jirani yangu hapa Umoja, mwenye duka la vitambaa. Alikuwa ananikaribisha chai. Nikamwambia nimefunga hadi harusi, kuiombea ndoa ya Phares. Akanitazama kwa heshima ambayo hata mama yangu hajawahi kunipa.
Jioni, adhana ya magharibi iliposikika tu, hodi! Mama Sagal na sinia. Tende, sambusa, wali, nyama ya ngamia, ndizi pembeni. Nikasema mimi hufungua kwa maji peke yake.
“Mwanangu,” akasema, “umeshinda na njaa nyuma ya ukuta wangu. Ukilala hivyo, Mungu nitamjibu nini?”
Ningemwacha mama wa watu na swali zito namna hiyo? Nimekula. Sinia limerudi jeupe.

Jumatatu, 29 Desemba
Sinia Jumamosi. Sinia jana. Siwezi kusema nimeacha kufunga, nitaonekana dhaifu. Na mchana siwezi kula karibu na nyumbani, nitaonekana mwongo. Kwa hiyo leo nimekwenda soko la Burma, mbali na macho ya watu, kutafuta nyama choma kidogo ya kunipa nguvu za kufunga. Nani ameketi meza ya kona na mbavu nzima? Kilonzo. Alinisogezea ugali tu. Unyama huo siwezi kuusamehe. Ugali niliumaliza.

Ijumaa, 2 Januari
Balaa! Suruali haifungi. Nimelala chali, nimejaribu. Nimejaribu kwa mafuta ya kujipaka. Nikawaza nimpigie Phares nimwambie naumwa. Nikamwona akilini Kilonzo akimshika Celine mkono, nikaogopa zaidi ya ninavyomwogopa Celine mwenyewe.
Nikabisha kwa Mama Sagal. Nikamweleza, kwa adabu, kwamba masinia yake yameniponza.
Akacheka mpaka akaketi. Kumbe anajua tangu Jumatatu. Ile bucha niliyokula Burma ni ya kaka yake, naye aliniona.
“Sinia nililileta mimi,” akasema. “Mkono ulikuwa wa nani, kijana?”
Nilikuwa na kaimati mdomoni, kutoka mezani kwake.
Amefumua mshono wa nyuma na kutia kipande cha kijivu kutoka dukani. Koti litakificha. Sharti moja: kesho nisile kitu.

Jumamosi, 3 Januari
Nimeingia kanisani! Celine amenishika mkono! Mpaka saa nane nilikuwa mtu mwenye msimamo. Kisha keki ikaletwa, na bibi harusi akawalisha wasimamizi kwa mkono wake. Kumkatalia bibi harusi? Baada ya hapo kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Biriani. Mbuzi. Ngoma ilipopamba moto nikainama mbele ya Celine, na Umoja nzima ikasikia nyuzi zikiachia. Kilonzo akapiga makofi. Celine akacheka, akanifunga mtandio wake kiunoni, tukaendelea kucheza. Siku nzuri kuliko zote!

Jumapili, 4 Januari
Nimefikiri kwa utulivu. Kosa lilikuwa la uzi.
Celine amenipigia. Mama yake ananialika chakula cha mchana Jumapili ijayo, na inasemekana hapokei jibu la nimeshiba. Sina wasiwasi. Nitamwambia nimefunga.