Vita Yangu na "S"

Jumatatu, 3 Machi
Mpokezi mkuu anastaafu. Meneja amesema nafasi yake itakwenda kwa anayejua Kiingereza cha kuandika. Tuko wawili. Mimi, mbeba mizigo wa hoteli, miaka sita ya kupanda ngazi. Na kijana wa mapokezi, tunayemwita Tai kwa sababu haivui tai hata akila. Nimemuwahi. Nimebandika tangazo mlangoni: "Leave your luggages here." Meneja kapita, kasoma mara mbili. Dalili njema.

Jumanne, 4 Machi
Tai kaifuta "s" yangu mbele ya wageni. Nikamuuliza kosa liko wapi. Akasema "luggage" haihesabiki. Nikamwambia asubuhi nimepandisha masanduku tisa hadi ghorofa ya tatu, na mgongo wangu umeyahesabu yote. Meneja akacheka. Kisha akasema Tai yuko sahihi. Imeniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Jana jioni nilikwenda na mke wangu kwa shemeji, mwalimu wa Kiingereza. Akanieleza taratibu: yapo majina yasiyohesabika, kama "luggage", "furniture" na "information", nayo hayapokei "s". Alitaka kuendelea. Nikamwambia imetosha, nimeelewa. Mke wangu akanisihi nimsikilize kaka yake hadi mwisho. Lakini mwisho wa nini? Adui ni "s".

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika kazini kabla ya wote, na wembe na kopo la rangi. Nimesafisha hoteli nzima. "Rooms" sasa ni "Room". "Stairs" ni "Stair". Kwenye kabati la bilauri nimeandika "Glas", "s" moja niliihurumia.
Saa nne meneja aliwakuta wazee wawili nje ya choo cha wanaume, ambacho sasa ni cha "Gent", bwana mmoja. Walikuwa wanamsubiri mwenyewe atoke. Nimeitwa ofisini.

Jumatatu, 10 Machi
Tai kapewa nafasi. Mimi nimehamishiwa stoo ya jikoni. Meneja anasema huko hakuna mgeni anayesoma. Nilikaa juu ya gunia muda mrefu, nikiwaza nitamwambia nini mke wangu. Kisha nikaanza kuandika vibandiko vya magunia, maana kazi ni kazi.
Tai alipita. Alinipa pole, na nadhani alimaanisha. Akanishauri niandike "rice" tu, bila "s", kwa kuwa mchele hauhesabiki.
Nimemwaga kikombe kimoja cha mchele mezani, nahesabu. Nimefika punje ya mia nne na kumi na bado naendelea. Kesho nabandika "Rices".