Manukato Yaliyovuka Ukuta

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mpya wa Darasa la Sita B, chumba cha jirani yangu, kaleta udongo wa kuchezea. Udongo! Kwenye sayansi! Watoto wanafinyanga vidonge, chekundu kimoja oksijeni, vyeupe viwili haidrojeni, wanaviunga kwa vijiti vya meno, eti hiyo ndiyo molekuli ya maji. Vicheko vinapenya ukutani. Mimi nafundisha mada hiyohiyo miaka nenda miaka rudi kwa chaki na koo langu. Wanafunzi wananiita Mwalimu Nakilini. Nilidhani ni heshima.

Binti yangu yuko kwenye darasa la mwalimu huyo. Kaja na molekuli, kaiweka katikati ya meza ya chakula. Nimekatazwa kuigusa, nitaharibu pembe. Mama yake akasema kumbe sayansi inaeleweka. Kumbe!

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu Mkuu katangaza: mkaguzi anakuja Ijumaa kuchagua mwalimu atakayewafundisha wenzake masomo ya vitendo. Macho yote kwa Madam Udongo. Nikakohoa. Hakuna aliyegeuka.

Vitendo? Hata mimi! Nikagawa pipi, nyekundu kwa nyeupe, waunde maji. Nikageukia ubao kuandika "Zingatia". Kurudisha uso, oksijeni yote imeliwa. Mmoja, ulimi mwekundu, alinieleza kuwa huo ni mmenyuko wa kemikali. Haidrojeni zilisalimika kwa kuwa pipi nyeupe ni za mnanaa, zinawasha.

Jumatano, 5 Machi
Nimechungulia dirishani kwake. Kwa nia njema. Watoto wenyewe ndio molekuli! Akisema barafu, wanabanana na kutetemeka palepale. Akisema maji, wanapishana wakigusana mabega. Akisema mvuke, wanatawanyika kila kona. Binti yangu alikuwa mvuke. Sijamwona na furaha hiyo tangu azaliwe.

Madam akaniona. "Karibu ndani, kaka! Tumepungukiwa molekuli moja."

Nikasema napita tu. Dirisha lile linatazama tangi la maji. Hapo hakuna njia ya kupita.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Manukato. Unafungua chupa mbele ya darasa, kila anayesikia harufu anainua mkono. Mbele kwanza, nyuma mwisho. Molekuli zinasafiri, mkaguzi anashuhudia, Madam anabaki na udongo wake.

Nimemwomba mke wangu yale manukato aliyoletewa na dada yake. Kakataa katakata. Basi nimeyaazima bila kumsumbua.

Ijumaa, 7 Machi
Siku nyeusi.

Mkaguzi kaanzia kwa Madam. Bila shaka! Niliposikia viti vikivutwa kule, nikadhani wanamaliza, nikaona nianze mapema, akiingia kwangu akute mambo yameiva. Kifuniko kikagoma. Nikatumia meno. Chupa ikaponyoka, ikapasukia sakafuni. Mikono yote ikainuka kwa pamoja, kisha ikashuka kuziba pua. Darasa zima likatimkia nje, mimi nikiwa wa pili.

Harufu ikapitia mlangoni hadi kwa jirani. Nikachungulia. Na yule mwanamke, hata hakushtuka! Akawaambia watoto wafumbe macho, kila anayeisikia ainue mkono. Mikono ikapanda mstari kwa mstari, kuanzia mlangoni. Jaribio langu! Kwenye mikono isiyo yangu! Mkaguzi naye kainua mkono.

Kachaguliwa yeye. Akamwambia mkaguzi mbele ya watu kwamba harufu ilikuwa kazi ya kaka yake wa chumba cha pili. Mkaguzi akanishika mkono na kunipongeza kwa kuwa msaidizi mzuri. Msaidizi!

Nyumbani mke wangu alinisikia harufu kabla sijafika mlangoni. Yaliyofuata siyaandiki.

Jumamosi, 8 Machi
Mama watoto haongei na mimi. Binti anamfariji kwamba manukato hayajapotea, yametawanyika tu. Haikusaidia.

Madam kapiga simu. Ananiomba tuandae pamoja somo la Jumatatu: siki na magadi kwenye chupa, gesi inajaza puto. Kasema peke yake hatoweza vizuri kama tukiwa wawili. Sauti tamu, ya kirafiki.

Ahaa! Ananiogopa!

Nimemjibu kwamba nitafikiria. Nimeshafikiria. Nitaanza kabla yake, kengele ya asubuhi tu, uwanjani, shule nzima ikitazama. Kitabu kinasema kijiko kimoja cha magadi. Vitabu huandikwa na waoga. Mimi natumia ndoo.