Mshauri Mkuu wa Ramani

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya sita kwenye mtandao wa wanataaluma. Ieleweke: huko watu hawaongei, wanaunganishwa. Nimeunganishwa na wanne. Binti yangu, daktari wangu wa meno, muuza pampu, na mtu nisiyemjua. Rula ana mia sita na kumi na wawili! Rula, niliyechora naye ramani meza moja miaka ishirini na sita. Tangu tustaafu nimemwandikia humo barua tatu, kurasa nne nne, zenye vichwa vidogo na tanbihi. Kimya.

Dawa ipo. Nimefungua akaunti ya pili: Mshauri Mkuu wa Ramani. Picha: mkono wangu umeshika bikari.

Jumatano, 5 Machi
Mshauri amenisifu hadharani, mistari hamsini. Nimemshukuru, mistari sitini. Aliyesoma: muuza pampu.

Mchana Rula ameomba kuunganishwa. Na Mshauri! Kwa adabu kabisa, sentensi mbili. Sikuweza kula.

Alhamisi, 6 Machi
Rula kamuuliza Mshauri kama ananifahamu. Mshauri, kwa tahadhari, akasema kiasi. Jibu likaja papo hapo: "Barua za mzee yule ni ndefu. Kila nikianza kumjibu naona jibu langu fupi mno, naacha. Lakini chai ya saa nne bila maelezo yake haishuki."

Nimesoma mara kumi na moja.

Nikampigia binti, nikamsimulia yote. Alikuwa kazini.

"Baba, si umpigie simu tu?"

Nikamfafanulia kwamba adabu hairuhusu: Rula alimwambia Mshauri, mimi sijui lolote. Akasema anaingia mkutanoni.

Ijumaa, 7 Machi
Mshauri amemwalika Rula mgahawani, kesho saa nne. Amekubali!

Jumamosi, 8 Machi
Rula alifika mapema, amevaa tai. Amekonda. Akaagiza vikombe viwili. Mimi nilikuwa meza ya nyuma, gazeti usoni. Ningejitokezaje? Sikualikwa. Alimuuliza mhudumu mara mbili kama kuna mtu amemuulizia. Saa tano akanywa na kile kikombe cha pili, kimeshapoa, akaondoka.

Hata hivyo, tumekunywa chai ya saa nne pamoja. Mara ya kwanza tangu tustaafu.

Kosa nimelibaini. Mtu mkubwa kama Mshauri hawezi kukosa katibu. Nimemfungulia akaunti. Kesho katibu atamwandikia Rula kumwomba radhi, kwa kirefu.