Kompyuta Inayodai Shikamoo

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kitengo kaacha kazi! Kiti kitupu. Tunaokitolea macho ni wawili: mimi na Miwani, jirani yangu wa meza. Miwani anaandika programu safi, hata mtoto wa shule angezielewa. Mjinga! Kazi inayoeleweka na kila mtu haina mwenyewe. Mimi nimebuni lugha yangu ya kompyuta. Inaitwa Umbea, na maneno yake yote nimeyazoa kwenye magrupu ya simu. Programu inaanza na "Wadau mpo?" Inamalizia na "Imeisha hiyo." Ukikosea, inakujibu: "Aibu yako naona mimi." Na haifanyi kazi mpaka uiandikie shikamoo. Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuuliza kama naumwa.

Jumanne, 4 Machi
Mfumo wa foleni wa mteja wetu, daktari wa meno, ule unaoita wagonjwa kwenye skrini, nimeuandika upya wote kwa Umbea. Bosi nimemwambia ndiyo teknolojia mpya duniani. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Miwani akaomba maelekezo. Nikamwambia yamo kichwani mwangu. Karudi mezani kwake, roho inamuuma. Cheo changu hicho.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Nimeitwa kliniki, daktari kakataa katakata. Kasema ana wajukuu sita, hawezi kuiamkia mashine iliyoletwa jana. Mashine nayo ikakaza. Ukumbini watu mashavu yamevimba, na skrini inawaambia "Aibu yako naona mimi." Bibi mmoja, jino linamsumbua tangu Ijumaa, akaona yaishe. Akajikongoja hadi mapokezi, akaandika shikamoo mwenyewe kwa kidole kimoja. Mashine ikamwita aingie. Bibi hakuingia. Akauliza imelelewa na nani, kitu kinaamkiwa hakijui hata kuitikia. Watu wote wakanigeukia. Marahaba! Nilisahau marahaba! Bibi kaondoka na jino lake.

Alhamisi, 6 Machi
Marahaba nimeiweka asubuhi na mapema. Bibi karudi, shavu limeongezeka. Kaandika shikamoo yake. Skrini ikamjibu kwa herufi kubwa: "MARAHABA, MWANANGU." Ana miaka themanini na moja. Skrini sasa ina ufa, mkongojo wake hauna hata alama.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani ndiye mkuu wa kitengo. Imeniuma, sidanganyi. Nilishamtangazia mama mkwe! Nikajipa moyo, nikamwambia bosi: kunifukuza hamwezi, Umbea ataisoma nani? Bosi akakubali kabisa kwamba hakuna. Kwa hiyo, akasema, mpaka Miwani aandike mfumo mpya, nitakaa kliniki kwenye kistuli cha mlangoni, niite wagonjwa kwa mdomo, na wazee niwaamkie mmoja mmoja. Leo nimetoa shikamoo arobaini na tatu. Bibi kaniangalia tu, akapita.

Jumapili, 9 Machi
Nimekaa, nimetafakari, kosa nimeliona. Heshima ilikuwa ndogo mno! Nimeshabuni lugha nyingine. Hii inamsalimu mtu yenyewe, kisha inauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za majirani na za ukoo mzima, na haianzi kazi mpaka ijibiwe zote. Miwani atakuja kunipigia magoti. Nimeanza kuijaribu saa nne asubuhi. Sasa ni saa nane mchana, ndiyo kwanza tumefika kwa shangazi.