Jiwe la Gharibu na Figo Zangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Gharibu amepona. Bahati mbaya. Jiwe lililomtesa kwenye figo limetoka lenyewe, naye amelihifadhi ndani ya kisanduku cha pete, juu ya kaunta ya duka lake hapa Kibondo mjini. Kila mteja hulazimika kulitazama kabla ya kupewa sukari. Leo nimelitazama tena. Dogo kama punje ya mtama! Kwa punje hiyo watoto wake wote walikuja, mmoja kutoka Tanga, wakajaza viatu mlangoni. Nilivitazama viatu hivyo kupitia dirishani hadi giza likaingia.

Binti yangu Kezia anafundisha Kasulu. Si mbali. Hajaja tangu tulipomaliza matanga ya mama yake. Husema ana mitihani ya kusahihisha. Nilikuwa mwalimu mkuu, naijua mitihani. Haisahihishwi mwaka mzima.

Jumanne, 7 Oktoba

Hospitali, kwa ajili ya goti. Daktari Careen aliuliza navimeza vidonge vya maumivu mara ngapi. Nikamjibu kwamba kila goti linapoomba. Akanihubiria habari za figo: kwamba huchuja damu usiku na mchana bila likizo, hutoa taka na maji yaliyozidi, husaidia presha isipande, na hubakiza protini mwilini kama chujio linavyobakiza majani ya chai. Majani yakionekana kikombeni, chujio limetoboka. Tena figo hazipigi kelele, alisema. Huharibika kimya kimya. Kesho nilete mkojo.

Nikiwa mlangoni nilimuuliza protini hupatikana wapi. Akataja maharage, samaki, mayai.

Mayai!

Jumatano, 8 Oktoba

Mkojo wangu, ute wa yai, kikopo. Nimekoroga kwa kijiko ambacho sitakitumia tena. Nimekiweka pamoja na vya wageni.

Kijiti cha kupimia kilibadilika rangi hadi mwisho. Daktari Careen akaketi. Akaniuliza naishi na nani. Swali hilo nimelingoja kwa muda mrefu! Nikampa namba ya Kezia, akapiga mbele yangu. Atakuja Jumamosi. Sauti yake ilitetemeka. Sauti nzuri sana.

Nimenunua shuka jipya kwa Gharibu. Nikamweleza kwamba jiwe ni ugonjwa wa wanaoanza. Kwangu chujio lote limetoboka. Kwa mara ya kwanza alikifunika kisanduku chake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefagia chumba cha Kezia. Nimeanika godoro. Nimenunua samaki, migebuka ya ziwani. Nimefanya mazoezi ya kukaa kigonjwa, nikakohoa kidogo. Hapana, figo hazikohoi.

Nimekwenda stendi kuuliza basi la Kasulu hufika saa ngapi. Najua saa yake. Nimeuliza tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa! Maabara wamekuta kipande cha ganda kikoponi. Daktari Careen alinitazama, akasema, "Mwalimu, figo hazitagi." Wauguzi walicheka hadi mmoja akaenda kumalizia nje. Nikatoa mkojo mwingine, muuguzi akiwa amesimama mlangoni. Protini hakuna. Daktari akampigia Kezia, amtoe hofu.

Kisha majibu ya damu yakatoka. Hapo Daktari hakucheka. Figo zangu zimeanza kupungua nguvu kwelikweli, na presha iko juu. Niache kabisa vidonge vya maumivu. Nipunguze chumvi. Nirudi wiki ijayo. Kezia nimwambie mwenyewe, alisema. Yeye ameshapiga simu za kutosha.

Nimempigia. Nimemweleza yote kwa ufasaha. Akauliza, "Baba, na hili ni yai la kuku gani?" Kisha akasema ana mitihani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Basi la Kasulu limefika. Nilikuwa stendi kwa bahati tu. Alishuka mama mwenye magunia, na vumbi.

Gharibu amefunga duka, amekuja na uji wa kuniuguza. Ameketi hadi alasiri na kuimaliza migebuka. Nikamwomba aniazime jiwe lake. Akakataa. Akasema jiwe lenyewe limeishiwa nguvu: juzi aliwapigia watoto wake kwamba upande wa pili nao unachoma, wakamwambia, "Mzee, kunywa maji." Alisema hayo akichokonoa meno, bila kunitazama. Kisha akauliza kama Jumamosi ijayo nitapika tena.

Nikamjibu kwamba nitakuwa na mgeni.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani sikwenda. Goti. Nimemeza vidonge viwili, lakini vile vidogo.

Mchana nimechambua maharage. Katikati yake, jiwe! La kahawia, lenye ncha, kubwa kuliko la Gharibu. Nimeliosha, nimelizungushia pamba, nimelilaza juu ya shuka jipya ili nilione vizuri. Kesho nampigia Kezia.

Yai lilikuwa kosa la mwanzoni. Jiwe halina ganda.