Kupe Wawili Waliokataa Kutoka

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya watu na mbwa wao.

Tunakaa Masaba, upande wa Uganda, mimi na bwana wangu Wandera. Mimi nilizaliwa mjini, Busia ya Kenya, ambako mbwa nilimjua kwa mgongo tu, akikimbia. (Au nikikimbia mimi.) Mwaka jana mbwa wetu wa kwanza alikufa kwa homa ya kupe. Nililia siku tatu. Huyu wa sasa anaitwa Bosi, dume la rangi ya chai ya maziwa, na siku tuliyomleta nilimwapia kwamba kupe hawatamuua nikiwa hai.

Basi leo baada ya chakula cha mchana nikatandika mkeka nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nina kibanio cha nyusi (ndiyo, cha nyusi zangu) na kopo lenye mafuta ya taa kidogo. Bosi akaniwekea kichwa pajani. Nikaanza masikioni. Shika karibu na ngozi, vuta polepole, dondosha kwenye kopo. Tip. Mwingine. Tip.

Kazi hii ina usingizi wake. Jua linapasha mgongo. Majani ya mihogo yanadondosha maji, tone moja moja. Hewa imeoshwa mpaka mwamba wa Tororo unaonekana kule mbali, wa samawati, kama umepakwa rangi sasa hivi na haujakauka. Nikaelea. Nikajiona nimevaa koti jeupe, watu wanakuja kutoka mbali, hata Lumino, na mbwa wao, wananiita Daktari, nami naitikia kwa sauti ya chini. Bosi naye alikuwa anaota, miguu inacheza. Mkeka mmoja, kila mtu na ndoto yake.

Nikamgeuza tumbo juu. Ndipo nikawaona.

Kupe wawili! Mmoja kulia, mmoja kushoto, karibu na mapaja. Wadogo, wekundu kidogo, vichwa vimezama kabisa. Nikashika mmoja, nikavuta. Hatoki. Bosi akaamka, akaniangalia kwa mshangao. Nikapaka mafuta ya kujipaka, nikasubiri, nikavuta tena. Bosi akalia, "Wiii!" Hivi ndivyo alivyoanza yule wa kwanza! (Sivyo. Ila nikiogopa, hukumbuka mambo ambayo hayakutokea.)

"Baba Sharon! Njoo! Kupe wameingia ndani!"

Wandera akatoka mbio, shati wazi, hajafunga kifungo hata kimoja. Akainama, akatazama, akatikisa kichwa. "Hii mbaya, Mama Sharon. Naona kama imeota mizizi."

(Nimeolewa na mtaalamu.)

Bahati nzuri, leo daktari wa mifugo alikuwa anachanja mbwa pale kiwanjani. Tukapanda pikipiki, Bosi katikati yetu, nimemfunga leso yangu mpya. Njia nzima ilinukia udongo. Vidimbwi vilikuwa vimejaa mawingu, nasi tukapita juu ya mawingu hayo taratibu, na mimi namnong'oneza Bosi maneno ya kuagana. Nikamwomba msamaha kwa ile mifupa ya Krismasi niliyompa jirani.

Kiwanjani kulikuwa na foleni ndefu, kila mtu na mbwa wake kwenye kamba. Nikaipita yote nikilia. "Nipisheni! Mbwa anakufa!" Watu wakapisha. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Daktari, mwanamke mtulivu mwenye gambuti, akamlaza Bosi mezani. "Nyabo, mama, wewe nalia nini?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kiganda.

"Kupe, Daktari. Wawili. Nimevuta mpaka mkono umechoka." Nikamwonyesha.

Akainama. Na dunia yote ikaenda polepole. Wingu moja lilisimama juu ya goli. Mbwa wote, sijui kwa nini, wakaacha kubweka. Nikaanza kuomba kimoyomoyo.

"Hii ndiyo umevuta?"

"Ndiyo."

"Na nini?"

"Kibanio cha nyusi."

Akafumba macho, kama aliyevutwa ni yeye. "Nyabo, hii si kupe. Hii ni chuchu."

"Haiwezekani, Daktari! Bosi ni dume!" (Kwa sauti kubwa. Ili hata wa mwisho kwenye foleni asipitwe.)

Akanitazama kwa huruma. "Na bwana yako, yeye hana?"

Foleni nzima ikageuka kumtazama Wandera. Masikini Wandera. Akaanza kufunga shati, kifungo kimoja baada ya kingine, mpaka cha shingoni.

Sijawahi kusikia kiwanja kikicheka vile, hata siku ya mechi. Yule mama wa msalaba alikaa chini kabisa kwenye nyasi mbichi. Daktari aligeukia sanduku lake la chanjo, lakini mabega yalikuwa yanamtingishika.

Alipotulia akampima Bosi homa, akamwangalia ufizi, akampapasa masikio. "Lakini masikio umesafisha vizuri. Homa hana. Huyu naishi."

Nikalia tena, safari hii kwa furaha, na hapo sasa hakuna aliyenielewa.

Tumerudi nyumbani. Jua linashuka taratibu. Wandera namsikia jikoni anacheka peke yake. Bosi amejilaza kwenye mkeka kifudifudi, tumbo amelificha.

Kama ni lazima mcheke, basi chekeni chini chini. Mgonjwa amelala.