Daftari la Babu na Kanuni ya Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Nimedhalilishwa. Tena na kiti!

Jumapili wakwe wanakuja kumposa rasmi binti wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye baba yake mdogo. Mdogo wa marehemu, wa pekee, mzima wa afya, mwenye meno yote. Nani basi apokee wageni, akae kiti kikuu cha mezani, aseme neno la kwanza? Swali la kuuliza hilo? Leo shemeji, mjane wa kaka, kanieleza kwa upole kwamba kazi hiyo amempa kaka yake.

Kipaza! Mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayeomba apitishiwe chumvi kama anahutubia gwaride.

Nikauliza kwa nini si mimi. Shemeji akasema nikipewa nafasi ya kusema huwa naharibu. Nikamwomba mfano mmoja tu. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikaaga alipofika mkono wa pili.

Mlangoni nikamkumbusha kwamba zamani baba mdogo ndiye aliyekuwa mbele. Akajibu kwamba zamani ilishapita, desturi zimebadilika.

Zimebadilika. Sawa. Kilichobadilika mara moja kinaweza kubadilika tena.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umekamilika. Ni mzuri mno, hata naogopa kuuandika. Nauandika.

Miaka kumi na tisa nafunga vitabu. Nashona kurasa, napaka gundi, nabana, nakata kingo. Stoo ya karakana imejaa rejista kuukuu ambazo kurasa zake za mwisho hazikuwahi kuandikwa kitu. Leo nimekata ishirini na nne. Nimezipaka chai ya rangi, nimezikausha kwa pasi, nimezishona kwa uzi mnene, nimezitia jalada lililokwisha chakaa. Juu nikaandika kwa wino wa chupa: *Desturi za Nyumba Yetu*. Mwandishi: Babu.

Mwandiko wa marehemu Babu, baba yake baba yangu, hakuna aliyewahi kuuona, kwa hiyo hakuna atakayeukosoa.

Kanuni ya kwanza: siku ya wageni, baba mdogo hukaa kiti kikuu. Ningeweza kuishia hapo. Lakini daftari zima kwa kanuni moja lingenuka. Nikaongeza mpaka zikafika kumi na mbili. Ya nne: mwenye kiti hatatia kitu kinywani mpaka mgeni wa mwisho ashibe (ilikuwa na sauti nzuri). Ya tano: atawasubiri wageni akiwa pekupeku. Ya sita: atajinyima chumvi siku tatu kabla. Ya saba: maini yote ni ya shangazi mkubwa. Hiyo ni ya kumtia Shangazi mfukoni. Ana miaka themanini na mbili, katika mabinti wa Babu ndiye pekee aliyebaki hai, na neno lake halipingwi.

Ya tisa: wanawake wote hula jikoni. Sina kinyongo na mwanamke yeyote. Lakini desturi ya kale isiyo na uonevu hata chembe, nani ataiamini?

Mke wangu kauliza majani ya chai yameenda wapi. Nikasema kazini tulipata wageni.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi!

Nimelipeleka daftari kwa shemeji, wote wakiwepo. Nikasema nimelikuta ndani ya sanduku la marehemu baba. Nikasoma kwa sauti ya majonzi. Kipaza alikunja uso. Shemeji alikunja mikono. Shangazi alikuwa amefumba macho, nikadhani kalala.

Nilipofika ya saba akafumbua jicho moja. Akaniomba nirudie. Nikarudia polepole. Akauliza: maini yote? Nikasema yote, Shangazi, ndivyo ilivyoandikwa. Akanitazama usoni, akalitazama na daftari. Kisha akasema hayo ni maneno ya baba yake kabisa.

Basi. Kiti changu!

Kipaza hakusema kitu. Aliomba tu kuzinakili kanuni, zote kumi na mbili. Sijawahi kumwona mtu yule akinyamaza. Kashindwa kabisa!

Alhamisi, 6 Juni

Kipaza kafika karakanani saa tatu asubuhi. Kasimama mlangoni na karatasi yake, akanitangazia mbele ya mafundi wenzangu kwamba kuanzia leo mpaka Jumapili sitaonja chumvi. Kanuni ya sita! Akasema daftari likiwa sheria, basi lote ni sheria, hakuna kuchagua. Tayari kaenda kwa mke wangu kumwambia vivyo hivyo. Mke wangu, aliyezoea kupinga kila kitu, safari hii kakubali bila swali. Mchana nimekula wali mweupe na mchicha usio na ladha. Nimetafuna kama natafuna kazi yangu mwenyewe.

Hayo si kitu. Kipaza alipokuwa akiondoka aligeuka, akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba mama wa bwana harusi ni mhadhiri wa historia chuoni. Tena historia ya mambo ya nyumbani: watu walikula nini, walivaaje, walizikanaje. Kasikia habari za daftari. Kafurahi mno. Atakuja na kioo cha kukuzia maandishi.

Nimejichoma sindano mara tatu alasiri hii.

Ijumaa, 7 Juni

Binti kaja kunitafuta saa ya chai. Akakaa juu ya rundo la majalada, akanisalimia, kisha akaanza kuchezea uzi wangu. Mtoto huyu nimembeba mgongoni. Akianza kuchezea vitu, ana jambo.

Akasema, "Baba Mdogo, kanuni ya tisa siiwezi." Mama mkwe wake si mtu wa kupelekwa jikoni. Atachukulia ni dharau, na mwanawe hatakaa mahali mama yake amefukuzwa. Akaniomba niiondoe, hiyo moja tu. Nikamwambia nitazungumza na Kipaza.

Nimezungumza na Kipaza. Kafurahi! Akasema kabisa, tuiondoe ya tisa, halafu tuiondoe na ya kwanza.

Nimebanwa kama kitabu chenye gundi mbichi. Nikiivuta kanuni moja, zote zinachomoka. Nikikiri, sina pa kuweka uso. Binti alipopita jioni nilimwambia desturi ni desturi. Akaitika, "Haya, Baba Mdogo." Hakunyanyua macho.

Sijapenda alivyoitika.

Jumamosi, 8 Juni

Njia imepatikana! Nimetengeneza ukurasa mpya, karatasi ileile, chai ileile: *Kanuni ya tisa nimeifuta mimi mwenyewe, kwa kuwa nyakati hubadilika. Babu.* Kilichobaki ni kuushona ndani ya daftari.

Tatizo: daftari analo Shangazi. Kalifunga kwenye kitambaa, kaliweka chini ya mto, na anajipumzisha juu yake kila mchana.

Saa nane nikaingia chumbani kwake kwa kunyata. Sindano yenye uzi imechomekwa kwenye ukosi wa shati. Shangazi anakoroma. Nikapeleka mkono chini ya mto. Nikaligusa jalada. Nikalivuta upana wa kidole kimoja, viwili, vitatu. Mkoromo ukakatika. Nikaganda hapohapo nimeinama, mkono chini ya mto. Bila kufumbua macho akauliza ni mbuzi wangapi watachinjwa kesho. Nikasema mmoja. Akasema basi nimwambie shemeji maini yasikaushwe sana, yanakuwa kama kandambili.

Nikatoka. Ukurasa mpya nimeutafuna na kuumeza. Haukuwa na chumvi nao.

Jumapili, 9 Juni

Naandika bado niko pekupeku.

Wageni walifika saa saba. Nilikuwa mlangoni, pekupeku kwenye saruji, suruali imenipwaya kwa siku tatu za mboga chapwa. Mhadhiri alinisalimu kwa heshima zote, akaomba daftari kabla hata ya kunawa. Akatoa kioo chake. Akageuza kurasa. Kisha akalinusa! Akauliza kama Babu alikuwa mpenzi wa chai. Nikasema sana. Sana sana. Akasema, ajabu, na akaendelea kuninusa mimi kwa macho.

Sahani zikapangwa. Kwa kuwa Shangazi ni mkubwa, maini yake yaliletwa kwanza, bakuli zima. Akaanza kula. Hapo Kipaza akasimama, akakohoa, akatangaza kwa sauti ya gwaride kwamba kwa mujibu wa kanuni ya tisa, akina mama wote sasa wanaombwa kuelekea jikoni.

Hakuna aliyesogea.

Mhadhiri aliweka kitambaa cha mikono mezani. Hakupaza sauti. "Mama yangu alikula jikoni miaka arobaini," akasema. "Alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kula, akala kilichobaki. Hayo mambo yalikuwepo, nayasomesha kila mwaka. Lakini siku tuliyomzika niliapa kwamba mimi sitakula jikoni kwa mtu."

Akachukua mkoba. Mwanawe akasimama. Binti yetu naye akasimama, midomo imemkauka, hajui amfuate nani. Shemeji alikuwa na sinia la wali mikononi, hajui alitue au alirudishe. Na wote, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi, mwenye kiti.

Maneno matatu tu yangetosha: nimeliandika mimi mwenyewe. Niliyahisi yakipanda. Nikafungua mdomo. Yaliyotoka ni haya: "Labda tuisikilize kwanza kanuni ya kumi."

Binti akafunika uso.

Ndipo Shangazi alipofuta vidole, akasukuma bakuli tupu, akasema watu wakae. "Baba yangu," akasema, "hakujua kusoma wala kuandika. Mpaka anakufa alikuwa anatia dole gumba."

Sijui nilisimamaje. Najua tu sakafu ilikuwa ya baridi.

Kipaza, aliyebadilika rangi kwa furaha, akauliza kwa nini hakusema tangu Jumatano. Shangazi akajibu kwamba tangu azaliwe maini ya mbuzi katika nyumba hii hupewa wanaume, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama anayapenda. Alitaka kujua ladha yake. Sasa anaijua. Mhadhiri alicheka ghafla, kicheko cha mtu aliyekuwa anakaribia kulia, na mkoba ukateremka.

Shangazi akaendelea. Akasema kweli, alipokuwa mdogo, wanawake walikula jikoni, sahani moja kubwa, wamechuchumaa. Kisha ukaja mwaka wa njaa. Mama yake akaugua, chakula kikawa cha sufuria moja, na Babu mwenyewe ndiye aliyepika, vibaya sana. Kuni za kuwasha mahali pawili hazikuwepo. Wakakaa wote kuizunguka sufuria ile. Njaa ilipokwisha, Babu hakuwa na uso wa kumrudisha mtu jikoni. Desturi ikafa hivyo, bila mtu kuifuta. Hata meza, akasema, ilipoletwa mara ya kwanza, miaka miwili iliwekewa magunia ya unga maana hakuna aliyejua upande wa kukaa. Na chai ilikuwa dawa ya homa. Ukiomba kikombe, uliulizwa unaumwa wapi.

Mhadhiri alikuwa ameshatoa kalamu, anaandika mbio. Akamwomba Shangazi ahamie kiti kikuu ili amsikie vizuri. Shangazi akahamia. Kwa hiyo Kipaza naye kakikosa. Angalau!

Siku ya harusi imekubaliwa: mwisho wa Septemba.

Mimi nilielekezwa jikoni. Peke yangu. Binti aliniletea sahani, wali na nyama, na chumvi pembeni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama nilikitaka kiti, ningemwomba yeye tu, yeye angemwambia mama yake. Akarudi kwa wageni.

Chumvi sikuigusa. Baada ya muda nikaigusa.

Jumatatu, 10 Juni

Hukumu imetoka. Harusini nitabeba viti. Mke wangu kasema nishukuru, shemeji alikuwa amependekeza vyoo.

Kipaza kapita mbele ya karakana mara nne. Nimemhesabu.

Nimemwahidi mke wangu kwamba nimekoma. Nilimaanisha. Kwa kweli nilimaanisha.

Alhamisi, 13 Juni

Nimefikiri kwa utulivu, na nimeliona kosa langu. Ni moja tu, na ni dogo. Niliandika! Karatasi inanuswa. Wino unaangaliwa kwa kioo. Lakini neno la mdomo, nani atalinusa?

Na tazama bahati. Mhadhiri anarudi Jumamosi na kinasa sauti. Anataka kila mtu wa ukoo mwenye kumbukumbu za kale aketi naye, azungumze, ili ajue watu walivyoishi. Nimejiandikisha wa kwanza. Nitamsimulia jinsi Babu alivyoniita pembeni, tukiwa wawili tu, akanishika sikio na kuninong'oneza kwamba siku ya harusi ya kitukuu wake, mwenye kusema neno la kwanza awe baba mdogo. Hakuna kanuni nyingine. Hakuna chumvi, hakuna jikoni. Safi.

Nakumbuka kila kitu. Nilikuwa na miaka minne. Babu alifariki nikiwa na miwili, lakini nani atapiga hesabu?